Maneno Matatu Yaliyoacha Ufuo Wazi

Wahenga walinena kuwa mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii yafaa kutangulizwa katika mjadala unaoanzia mbali na Afrika Mashariki, katika kisiwa cha Maui, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii vilivyoibuka kutoka kilindini mwa Bahari ya Pasifiki kwa nguvu za volkano. Kaskazini magharibi mwa kisiwa hicho, mahali paitwapo Kapalua, pana njia ya miguu inayofuata ukingo wa bahari. Urefu wake hauzidi kilomita 3. Mtu mwenye pumzi ya wastani, akiikimbia kwa mwendo wa mchakamchaka, huimaliza kwa muda wa dakika ishirini hivi. Akiwa na haraka ya kurejea kwenye staftahi, huenda asiokote lolote njiani isipokuwa jasho. Lakini akiuliza ni kwa nini ameruhusiwa kuukaribia ufuo ule, na ni nani aliyepatia kila pembe ya njia ile jina, ataokota somo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya ana haja nalo kubwa.

Njia yenyewe ni ya kupendeza. Huanzia kwenye ghuba ndogo ya Kapalua, ikapanda juu ya majabali meusi ya zaha, yaani ule uji wa moto wa volkano uliopoa ukawa mwamba, kisha ikateremka na kupita juu ya daraja la mbao lililotandikwa ili nyayo za watu zisivunje matuta ya mchanga. Kwenye rasi ya Hawea ndege wa baharini huchimba mashimo ardhini na kutaga humo. Ng'ambo ya mlango wa bahari huonekana kisiwa cha Molokai. Mbele kidogo pana rasi ya Makaluapuna, ambako mwamba wa rangi ya kijivu umetafunwa na chumvi na mawimbi hata ukachongoka kama meno. Upande wa bara wa njia hiyo kuna hoteli, viwanja vya gofu na nyumba ambazo bei yake haisemeki mbele ya maskini.

Wakenya si wageni wa kukimbia katika visiwa hivyo. Ibrahim Hussein alishinda mbio za masafa marefu za Honolulu, katika kisiwa jirani cha Oahu, miaka mitatu mfululizo kuanzia 1985 hadi 1987. Jimmy Muindi naye alizishinda mara sita kati ya mwaka 1999 na 2007. Hata hivyo, somo linalozungumziwa hapa halihusu medali. Linahusu lugha na ardhi, na rai ya makala haya ni kwamba lugha ya wenyeji, ikijulikana kwa undani na kutumiwa bila haya, yaweza kuwa ngao ya mali ya umma. Na kwamba wataalamu wa Kiswahili nchini Kenya wameiacha ngao hiyo ukutani huku ufuo wa nchi yao ukizibwa hatua kwa hatua.

Ushahidi wa kwanza ni maneno matatu ya Kihawaii: ma ke kai. Tafsiri yake ya karibu ni "kandokando ya bahari". Maneno hayo yaliandikwa katika hati za ardhi zilizotolewa mwaka 1866, enzi ya Mfalme Kamehameha wa Tano, kuhusu viwanja fulani katika kisiwa cha Molokai. Miaka mia moja baadaye mwenye viwanja hivyo alitaka visajiliwe, nalo swali likazuka: mpaka wa upande wa bahari uko wapi hasa? Wapimaji wa mwenye ardhi walishikilia kwamba mpaka ni mstari wa wastani wa maji yanapojaa, mstari ambao hupatikana kwa hesabu na vifaa. Serikali ya jimbo ilisema kwamba mpaka uko juu zaidi, upande wa bara.

Katika hukumu ya kesi hiyo, ijulikanayo kwa jina la Ashford, Mahakama ya Juu ya Hawaii iliamua mwaka 1968 kwamba maneno yale yasomwe kwa maana waliyokuwa nayo wenyeji walioyatumia, wala si kwa maana ya chombo cha upimaji ambacho hakikuwapo akilini mwao. Mahakama ilisikiza ushahidi wa wenyeji waliokulia pale, ambao waliyapokea maarifa ya mipaka kutoka kwa wazee wao. Ikaamua kwamba ma ke kai ni mahali pa juu kabisa ambapo mawimbi hufika, panapotambulikana kwa kuangalia pale mimea inapoanzia au pale bahari inapoacha mstari wa takataka zake. Chini ya hapo ni mali ya umma. Kwa hukumu hiyo na nyingine zilizofuata, fuo za Hawaii zikabaki wazi kwa watu wote. Hata pale ambapo njia ya Kapalua yenyewe inapita katika ardhi ya wenye mali, mchanga ulio chini yake, unaooshwa na mawimbi, hauna mwenyewe ila umma.

Hebu msomaji ayapime matokeo haya. Kilichoamua hatima ya ufuo mzima ni swali la semantiki. Swali hilo ni lilelile ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili hulijibu katika karatasi ya mtihani, akafunga daftari na kulisahau: neno hili lina maana gani, kwa nani, na katika muktadha upi?

Ushahidi wa pili uko mwishoni mwa njia hiyohiyo, mahali paitwapo Honokahua. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipokuwa ikijengwa hoteli juu ya matuta ya mchanga, mabaki ya watu wa kale yalianza kufukuliwa. Yalipatikana mabaki ya watu zaidi ya 900. Wenyeji walipinga, wakakesha, wakaililia serikali. Mwishowe hoteli ilisogezwa kuelekea bara, mabaki yakarudishwa ardhini, na uwanja ule wa makaburi ukahifadhiwa. Mwaka 1990 jimbo la Hawaii lilitunga sheria ya kulinda makaburi ya kale na kuunda mabaraza ya visiwa ya kuyasimamia. Leo wapitao huombwa wasilikanyage eneo hilo. Katika eneo hilo imo pia sehemu ya njia ya kale iliyozunguka kisiwa, iliyoitwa Alaloa, jina ambalo maana yake ni "njia ndefu". Kwa hiyo mkimbiaji anayedhani yuko kwenye njia fupi ya mazoezi hupita kando ya njia ndefu ya mababu wa watu wengine.

Majina nayo yana ushahidi wake. Oneloa, ghuba ambayo daraja la mbao hupita juu yake, maana yake ni "mchanga mrefu", na kweli mchanga wake ni mrefu. Lakini wageni wengi huuita ufuo huo kwa jina la Kiingereza la miti iliyopandwa hapo. Rasi ya Makaluapuna wameipa jina la meno ya joka. Ufuo wa mwisho wa njia una jina la aliyekuwa meneja wa mashamba ya mananasi. Kila jina jipya limefunika la zamani kama utando, na anayejua jina jipya pekee hana njia ya kujua mahali hapo palikuwa nini kabla ya hoteli. Kinyume chake, pale ambapo wenyeji walishika maneno yao, ulimwengu uliyafuata. Wanajiolojia wa kila taifa huita zaha yenye mikwaruzo na ncha kali 'a'a, na ile laini iliyojikunja kama kamba huiita pahoehoe. Hayo ni maneno ya Kihawaii, yaliyoingia katika sayansi tangu miaka ya 1880. Hayakubuniwa na kamati ya istilahi. Yalizaliwa na watu waliotembea juu ya zaha kwa nyayo tupu, ambao tofauti ya miamba hiyo miwili waliihisi katika ngozi ya miguu yao.

Haifai kudhani kwamba Kihawaii kilipata haya kwa urahisi. Utawala wa kifalme ulipinduliwa mwaka 1893. Mwaka 1896 sheria ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na vizazi vilivyofuata vikalelewa vikiionea haya lugha ya nyumbani. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto waliokizungumza walikuwa wachache mno, ndipo wazazi na walimu wakaanzisha shule za chekechea za kukifufua, kuanzia mwaka 1984. Katiba ya jimbo ilikuwa imekifanya kuwa lugha rasmi mwaka 1978. Msomaji azingatie mfuatano wa miaka hiyo. Hukumu ya ma ke kai ilitolewa mwaka 1968, yaani miaka kumi kabla ya lugha hiyo kupewa hadhi yoyote rasmi na wakati ilipokuwa ikikata roho. Iliwezekana kwa sababu bado walikuwapo wazee wachache waliojua. Lau kesi hiyo ingecheleweshwa kizazi kimoja, huenda mahakama isingepata wa kuuliza, na hesabu za wapimaji zingebaki peke yake mezani.

Tugeuzie sasa nyuso Kenya, toka Vanga hadi Kiunga. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, imeitaja ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji makuu na alama ya maji madogo kuwa ardhi ya umma. Maneno hayo ni mema, lakini yanamwachia msomaji swali lilelile la Molokai: maji makuu yapi? Huko Hawaii tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, haifiki hata mita moja. Mombasa, wakati wa bamvua, tofauti hiyo yaweza kufikia takriban mita 4. Wakati wa maji mafu hupungua sana. Kwenye ufuo ulio tambarare, tofauti ndogo ya kina huwa ni hatua nyingi za mtu mchangani. Anayechora mpaka siku ya maji mafu na anayeuchora siku ya bamvua hawachori mpaka mmoja. Kati ya mistari yao miwili ndipo wavuvi huvuta mitumbwi yao, watoto hucheza kandanda, na vijana wa riadha hukimbia alfajiri. Papo hapo pia ndipo ukuta wa jengo jipya hupenda kusimama.

Kilio cha wavuvi wa pwani ya Kenya kuhusu vichochoro vya kufikia bahari vilivyozibwa, na kuta zilizosukumwa hadi mawimbi yanapozipiga, si kipya. Mizizi yake ni ya kale. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka waliodai ardhi katika ukanda wa pwani wapeleke madai yao mbele ya maafisa wa serikali ya kikoloni. Wengi ambao haki yao ilijengwa juu ya desturi, makubaliano ya mdomo na kumbukumbu za ukoo hawakufika, na haki yao haikuandikwa. Lugha iliyoijua ardhi ikawa nje ya ofisi, na lugha isiyoijua ikawa ndani.

Je, Kiswahili kinaujua ufuo? Kinaujua kuliko kingi kinachofundishwa madarasani. Neno lenyewe pwani limetokana na kitenzi pwa: ni mahali ambapo maji hupwa. Kipwa ni fungu au mwamba unaoachwa wazi maji yakishuka. Kuna ufuo na ufuko, mwambao na mlango, mkondo na kilindi. Kuna bamvua na maji mafu, ambayo baharia huyahesabu kwa mwezi bila kufungua kitabu. Kuna kusi na kaskazi, na mvuvi yeyote mzee ataeleza jinsi pepo hizo zinavyouhamisha mchanga wa ufuo mmoja na kuurudisha. Kwa mujibu wa etimolojia yake, pwani si ardhi kavu iliyo karibu na bahari. Ni ile sehemu ambayo bahari na nchi kavu huachiana zamu. Ikiwa hivyo ndivyo wasemaji wa lugha walivyoielewa kwa karne nyingi, basi hoja ya umma kuhusu ufuo imo tayari ndani ya neno, ikisubiri mtu wa kuitoa.

Mtu huyo angepaswa kuwa mtaalamu wa Kiswahili. Kwa bahati mbaya, tasnifu nyingi katika idara za Kiswahili huzunguka riwaya zilezile, tamthilia zilezile na nadharia zilezile zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Msamiati wa bahari hutajwa katika mihadhara ya lahaja kama kivutio cha dakika tano, kisha mhadhiri akaendelea na mada yake. Wazee wanaoujua msamiati huo hawaongezeki. Kila anayezikwa huzikwa na sehemu ya kamusi ambayo haikuandikwa, na siku shahidi atakapohitajika mahakamani, shahidi huyo atakuwa kaburini.

Huenda pakatokea wa kupinga kwamba mambo ya ardhi huamuliwa kwa Kiingereza, kwamba hati zimeandikwa kwa Kiingereza, na kwamba Kiswahili hakina nguvu ya sheria katika jambo hili. Hoja hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba hati nyingi ziko katika Kiingereza. Lakini Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kihawaii mwaka 1968 hakikuwa na hata nusu ya hadhi hiyo, na bado kilisikizwa. Tofauti ni kwamba palikuwa na watu waliokuwa tayari kusimama na kueleza maana yake. Hadhi ya kikatiba pasipo maarifa ya kuitumia ni sawa na jahazi lililotiwa nanga bandarini likisifiwa kwa uzuri wa tanga lake.

Wengine watasema kwamba kuulinda ufuo ni kuwafukuza wawekezaji na kuua ajira. Honokahua ni jibu tosha. Hoteli iliyosogezwa kutoka makaburini haikufa. Ilijengwa upande wa bara na kufunguliwa mwaka 1992. Wageni wanaolala humo hukimbia asubuhi kwenye njia ileile inayowapitisha kando ya makaburi yaliyohifadhiwa. Hapa Kenya nako, msitu wa Kaya Kinondo ulio karibu na fuo za Diani ni miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa ulimwengu. Watalii huja na makaya yakasalia. Heshima kwa mahali haikuwahi kumzuia mgeni mwenye adabu.

Basi ni lipi la kufanywa? Kwanza, idara za Kiswahili ziwahimize wanafunzi kufanya utafiti wa nyanjani kuhusu msamiati wa ufuo, bahari na mipaka katika lahaja za pwani, wakirekodi neno, maana yake, mahali lilipotumiwa na umri wa aliyelitaja. Kazi ya namna hiyo si duni kuliko uhakiki wa riwaya. Na tofauti na riwaya, haitangoja. Pili, wanafunzi wa Kiswahili na wale wa sheria wakae meza moja, ili maana za maneno kama pwani, ufuo na maji makuu zijadiliwe kabla ya mgogoro kufika kortini. Tatu, vyama vya Kiswahili vishirikiane na serikali za kaunti za pwani kuweka vibao vya Kiswahili kwenye kila kichochoro cha umma kinachofika baharini, vyenye jina la asili la mahali na maana yake. Kibao ni kitu kidogo, lakini ni vigumu zaidi kuziba njia yenye jina kuliko kuziba njia isiyo nalo.

Lugha husifiwa sana katika makongamano: Kiswahili kinakua, Kiswahili kinaenea, Kiswahili kinatambuliwa na mataifa. Sifa hizo ni za haki. Lakini lugha inayosifiwa ukumbini na kushindwa kumtetea mvuvi kwenye mchanga ambao yenyewe iliupa jina, bado ina deni. Huko Maui mkimbiaji hufika mwisho wa njia yake, akageuka na kurudi bila kuulizwa na yeyote anatafuta nini pale. Hajui kwamba analindwa na maneno matatu ya watu ambao lugha yao ilikaribia kuzimwa. Kijana wa Kenya anayekimbia alfajiri kwenye mchanga wa Bamburi au Tiwi, akakuta ukuta mbele yake na maji yakipanda, anastahili neno la kumtetea. Neno hilo analo tayari kinywani, kwani ndilo analolitaja kila anapoulizwa alikuwa wapi: pwani.